Ufagio Mbele ya Mgeni

Katika msiba wa Baba Mdogo, mume wa mama yangu mdogo, niliombwa kusema machache kwa niaba ya watoto aliowalea. Tulikuwa tumejazana kwenye nyumba yake ya mjini, Igogo, ile iliyojengwa ubavuni mwa jiwe, tukisubiri kumsafirisha kwenda kwao Kagera. Nilisimama nikasema kwamba mimi niliyefundisha Kiingereza mpaka nikastaafu, neno la kwanza la lugha hiyo nililopewa na marehemu lilikuwa broom, yaani ufagio. Watu wakacheka, kile kicheko cha msibani ambacho kinatafuta tu pa kutokea. Binti yake, Anitha, ambaye sasa ni bibi mwenye wajukuu kama mimi, akadakia kutoka kwenye mkeka: "Sema yote, Minza! Waambie ulivyokuwa unamwogopa Baba kuliko mamba wa ziwani!" Wakacheka zaidi, na mimi nikacheka nao, nikaketi. Sikusema yote. Pale hapakuwa mahali pake, na wazee walikuwa wanataka sala ianze. Lakini tangu siku ile nimekuwa nikiyafikiria, na nimeona niyaeleze hapa taratibu, kwa sababu yapo mambo ambayo yakichekewa mapema hayaeleweki tena. Mwaka ule niliokaa Igogo nilikuwa mwoga kuliko nilivyopata kuwa kabla yake au baada yake, na nilikuwa na sababu.

Nilikuwa nimemaliza darasa la saba na kukosa nafasi ya sekondari ya serikali. Baba Mdogo alifahamiana na mkuu wa shule moja ya wasichana, mama mtu mzima, na walikuwa wamekubaliana hivi: nikae Igogo mwaka mmoja, nijifunze Kiingereza cha kuniwezesha kufuata masomo, kisha mwaka ukiisha yule mama aje anione kwa macho yake. Akiridhika, naingia kidato cha kwanza. Asiporidhika, narudi kijijini kwetu, mbele ya Misungwi, ambako kulikuwa na watu waliokwisha kuja kuniulizia na ng'ombe walikuwa wameshatajwa. Hakuna aliyeniketisha akanieleza haya. Niliyasikia mwenyewe. Kuta za vyumba vya nyumba ile hazikufika darini, ziliishia chini ya mbao za paa, na mtu akiongea chumbani kwake, sauti ilipanda juu ikashukia upande wa pili kama moshi. Nilikuwa nimelala kitandani na Anitha, yeye amekwisha kusinzia, nikamsikia Baba Mdogo akisema, "Huyu mtoto hasemi." Mama Mdogo akajibu, "Atasema. Mpe muda." "Muda gani tena? Kule kwao wananisubiri mimi. Wakipokea wale ng'ombe nitawaambia nini?" "Waambie bado anasoma." Nikasikia kitanda kikilia. "Anasoma nini, Mama Anitha? Ufagio?"

Alikuwa na haki ya kuuliza hivyo, kwa sababu ufagio ndio nilioanza nao, na kwa muda mrefu ulikuwa ndio huo huo tu. Baba Mdogo alikuwa karani mkuu katika ofisi moja karibu na bandari, mtu wa nguo zilizopigwa pasi, mwenye imani kwamba neno la kigeni halikai kichwani mwa mtu kama halikukaa kwanza mkononi mwake. Asubuhi yangu ya kwanza pale alinikuta nafagia sebule. Akasimama mlangoni na kikombe cha kahawa, akaniangalia, akauliza kwa Kiingereza kitu gani kile nilichoshika. Sikujua hata kwamba nimeulizwa. Akanyoosha kidole: "Broom." Nikarudia. Akasema, "Again." Nikadhani hilo nalo ni jina la ufagio, nikalirudia pia. Hakucheka. Nilijifunza baadaye kwamba neno lile maana yake ni tena, na kwamba katika nyumba ile hakukuwa na neno la kuogopwa zaidi.

Msomaji wa leo anaweza asielewe kwamba hata kifaa chenyewe kilikuwa kigeni kwangu. Kwetu ufagio ulikuwa kichaka kidogo cha porini kilichokaushwa na kufungwa kamba, na mtu alifagia ameinama, mkono mmoja mgongoni, akirudi nyuma kinyumenyume hadi uwanja wote uwe na mistari. Igogo kulikuwa na fagio la chelewa kwa ajili ya uwanja, dekio la kufutia sakafu, na huo ufagio wa ndani wenye nyuzi laini na mpini mrefu ulionifika kidevuni. Kufagia nimesimama wima kulinitia aibu, nilijiona kama mtu anayecheza ngoma wakati wenzake wanafanya kazi. Kwa hiyo niliushika chini kabisa, karibu na nyuzi, nikainama kama nilivyozoea, na mpini ukawa unagonga viti na miguu ya meza nyuma yangu. Anitha alikuwa akikaa kwenye kochi kuniangalia kama anaangalia sinema. "We Minza, unafagia au unawinda panya? Simama, binti! Hicho kirefu ndicho cha kushika." "Mgongo wangu umezoea." "Mgongo wako utazoea na Kiingereza siku gani?" Alikuwa mkali wa ulimi lakini hakuwa mbaya. Yeye alisoma shule walikofundishwa kwa Kiingereza tangu wadogo, na alikuwa amemzoea baba yake kama mtu anavyozoea kelele za jirani.

Mimi sikumzoea. Jioni chakula kilipoletwa mezani, Baba Mdogo alivua saa yake ya mkononi akaiweka kando ya sahani, na tangu hapo Kiswahili kilikoma. Mama Mdogo alipika vizuri sana. Siku nyingine ndizi zilizopikwa na maharage mpaka mchuzi ukawa mzito, siku nyingine samaki sato wa kuchemsha na ugali wa muhogo, na harufu ya vyakula hivyo naikumbuka pamoja na maumivu ya tumbo, kwa sababu sikuweza kula kabla sijajibu. Baba Mdogo aliniuliza nikiwa nimesimama. Kitu hiki ni nini? Kina nini? Tunakifanyia nini? Nilitakiwa kusema kwamba huu ni ufagio, una mpini mrefu, tunafagia nao sakafu, tunafagia vumbi, vumbi tunalitia kwenye kizoleo. Kila neno lilikuwa na lake la Kiingereza, na nilipopata mawili, la tatu lilinikimbia. "Again." Ndizi zinapoa. "Again." Mchuzi unafanya ngozi juu. Hakuwahi kunipiga, na nataka hilo lieleweke vizuri, wala hakunitukana hata siku moja. Alingoja tu, macho yake nyuma ya miwani yametulia juu yangu, na ile saa ikisikika mezani. Kuna siku nilitamani anipige, yaishe, nile.

Niliogopa mpaka mwili ukanishinda. Magari yaliyopanda kilima yalipobadilisha gia, nilidhani ni gari la ofisini linamleta, nikaacha nilichoshika. Ukucha wa kidole gumba niliutafuna hadi ukavimba. Wakati fulani Mama Mdogo alinikuta nyuma ya nyumba, mahali ambapo jiwe linakutana na ukuta na kufanya kama pango dogo, nikimwambia ufagio maneno yake mwenyewe kwa kunong'ona. Akaniketisha juu ya ndoo iliyopinduliwa, akanipa kiazi cha kuchemsha. "Kula kwanza." "Nitasahau, mama." "Hutasahau. Unajua anakuuliza kwa nini ukiwa na njaa?" Nikatikisa kichwa. "Hata yeye walimuuliza hivyo hivyo. Mwalimu wake mmoja kule kwao. Kwa hiyo anadhani ndiko Kiingereza kinakotokea." Akacheka kidogo, akaangalia kuelekea uani kama mtu anayehakikisha hajasikika. "Lakini usimwogope. Anayeogopa sana ni yeye." Sikumwelewa. Mtu mwenye saa kama ile, miwani kama ile, aogope nini?

Nimefundisha watoto miaka mingi, na nakiri kwamba njia yake niliichukua. Nilianza na kitu kimoja, nikawapa watoto mikononi, nikaongeza jina, kisha sehemu zake, kisha kazi yake, na hivyo ufagio mmoja ukazaa sakafu, kona, vumbi, mlango, kutoa nje, safi, chafu. Maneno yakiwa jamaa hushikana mikono, na mtoto akilishika moja, mengine yanakuja yenyewe. Hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa lake. Nilichokiacha ni njaa na ule ukimya. Wewe unayejifunza lugha ukubwani, au unayemsaidia mwanao na kitabu jikoni, nakuomba usidhani kwamba neno linaloingia kwa hofu linakaa zaidi. Linakaa, ndiyo, lakini linakaa limekunja uso. Mpaka leo nikilisikia neno lile la tena kwa Kiingereza, hata likisemwa na mjukuu anayetaka nimsimulie hadithi upya, najikuta nimesimama wima kabla sijakumbuka kwamba mimi ni mtu mzima.

Mwaka ulivyoenda maneno yaliongezeka. Baba Mdogo alikuwa amebandika vipande vya karatasi kwenye vitu vya sebuleni, kabati, dirisha, mlango, na kwenye kile kiti kimoja kizuri chenye kitambaa cha kufumwa, ambacho hakuna kati yetu aliyeruhusiwa kukikalia, aliandika visitor, yaani mgeni. Nilijua yote hayo nikiwa peke yangu. Mbele yake nilijua nusu. Ikafika Desemba, na siku moja akasema, kwa sauti ya mtu anayetaja hali ya hewa, kwamba yule mama mkuu wa shule angekuja kula nasi chakula cha mchana Jumapili, akitoka kanisani. Jumamosi Mama Mdogo alifua nguo zangu zote, hata zile zilizokuwa safi. Nilipomuuliza kwa nini, alisema nguo zikiwa tayari ni vizuri, mtu anaweza kusafiri upande wowote. Jioni nikasikia sauti juu ya ukuta. "Ikishindikana, Jumatatu apande lile basi la alfajiri. Sitaki kumweka hapa akinitazama." "Jumatatu hii?" "Nimewaambia watu wa kwao wasubiri mwaka mzima, Mama Anitha. Mwaka umekwisha."

Mgeni alikuwa mama mnene, mwenye mwendo wa taratibu na sauti nzito, amevaa gauni la kitenge na viatu vya wazi. Nilimwamkia kwa goti, shikamoo, akaitikia marahaba na kunishika kichwa, kisha akaketi kwenye kiti chake. Ulikuwa msimu wa senene, wale panzi wa kuliwa, na ndugu wa Baba Mdogo walikuwa wamemletea kutoka Kagera, wakakaangwa vizuri hadi wakawa wanalia mdomoni. Wakawekwa kwenye bakuli la udongo kwenye stuli mbele ya mgeni, kabla ya chakula chenyewe. Mimi nilisimama karibu na kabati. Waliongea kwa Kiingereza cha haraka, na nilishika neno hapa na pale kama mtu anayeokota punje kwenye mchanga. Mgeni aliniuliza jina langu, nikamjibu. Aliniuliza ninapenda nini, nikamjibu kwamba ninapenda kufagia, kwa sababu ndilo neno nililoliamini, na Anitha akaficha mdomo kwa kiganja. Kisha Baba Mdogo, akinyoosha mkono kumkaribisha mgeni aongeze, akaligusa bakuli kwa kiwiko cha shati lake jeupe. Likapinduka. Senene wakamwagika sakafuni, wakatawanyika kuzunguka miguu ya mgeni, wengine juu ya viatu vyake.

Nikaona uso wa Baba Mdogo ukiangaza. Sikuwa nimewahi kuona hivyo. Alikuwa amepata, bila kutafuta, swali ambalo nisingeweza kulikosea. Akanigeukia, akatamka polepole, kila neno peke yake, kwa Kiingereza: Minza, lete ufagio, ufagie hapa.

Nililielewa kila neno. Nataka msomaji alijue hilo vizuri, kwa sababu ndani ya chumba kile hakuna aliyelijua ila mimi. Lakini kwetu, mgeni akiwa bado ameketi, ufagio hautoki ulikowekwa. Kumfagilia mgeni miguuni ni kumwambia aondoke na asirudi tena, na hata akishaondoka, nyumba haifagiliwi upesi, maana ni kama kufuta nyayo zake. Shangazi yangu mmoja alifagia mgeni akiwa bado mlangoni, hakuwa na nia mbaya, kulikuwa na makapi tu, na alitembea na kuku mkononi hadi kwa yule mgeni kwenda kumwomba radhi. Hili nilikuwa nalijua tangu kabla sijajua kusoma. Na mgeni huyu ndiye aliyeshika mlango wangu. Nikileta ufagio, namfukuza kwa mikono yangu mwenyewe. Nisipouleta, sijui Kiingereza, na Jumatatu alfajiri napanda basi. Sikuyapanga hivi kichwani siku ile. Yalinijia yote kwa mkupuo.

"Broom, Minza," akasema tena. Ule mwanga usoni ulikuwa unazimika. Mama Mdogo alikuwa ameshika ukingo wa pazia. Nikatembea hadi pale, nikapiga magoti, nikaanza kuokota senene kwa vidole, mmoja mmoja, nikiwatia kwenye kiganja. Nikamtoa mmoja juu ya kiatu cha mgeni. Nikasikia Baba Mdogo akivuta pumzi. Akauliza, kwa Kiingereza bado, lakini sauti ikiwa chini sana, kama ninajua broom ni kitu gani.

Hapo hofu ilinifanyia kitu ambacho sijawahi kukieleza vizuri, hata darasani. Ilijaa mpaka ikakosa pa kukaa. Nikajikuta nasema, bado nimepiga magoti, uso sakafuni, yote niliyofundishwa jioni zile zote, bila kukosa: kwamba broom ina mpini mrefu, kwamba tunafagia nayo sakafu, kwamba tunafagia vumbi. Halafu nikafika pale ambapo somo huishia, na bado kulikuwa na kitu cha kusemwa, na hakuna aliyewahi kunifundisha kukisema. Nikachukua maneno niliyokuwa nayo, moja kutoka kwenye somo, jingine kutoka kwenye karatasi ya kile kiti. Nikasema, "Visitor is not dust." Mgeni si vumbi.

Yule mama aliacha kutafuna. Niliona miguu yake ikijivuta kidogo, ikanipisha senene waliokuwa chini ya kiti. "Nani amekufundisha kusema hivyo?" akauliza, na aliuliza kwa Kiswahili. "Hakuna, mama." "Kwenu wapi?" Nikamwambia. Akaguna, kama mtu anayeonja chumvi ya mchuzi, asiseme kama inatosha. "Okota, mwanangu, umalize." Nilimaliza, nikainuka na viganja vimejaa, na Mama Mdogo akanivuta jikoni akafunga mlango. Kule sebuleni sauti zilikuwa za chini. Niliisikia ya mgeni ikiongea kwa muda mrefu, ya Baba Mdogo ikijibu kwa ufupi, na mara moja kicheko, ambacho sikujua ni cha nani wala cha nini. Anitha akaja kunong'ona, "Umemnyamazisha Baba, we! Mimi hata siku moja sijawahi." Nikamwambia aache. Nilikuwa nalia bila sauti, na mikono ilinuka mafuta ya senene. Nilijua ni kosa gani nimelifanya. Nilikuwa nimemkatalia mwenye nyumba mbele ya mgeni wake.

Baada ya chakula mgeni aliaga. Alinipungia mkono akasema "haya", neno ambalo linaweza kuwa na maana yoyote. Baba Mdogo akamsindikiza chini ya kilima mpaka kwenye gari lake, akakawia. Nilirudi sebuleni, nikasimama palepale karibu na kabati, maana sikujua mahali pengine pa kumsubiria. Sakafuni bado kulikuwa na vipande vya miguu ya senene, makombo, na doa la mafuta mahali bakuli lilipoangukia. Akaingia. Akaketi mezani. Alitazama kile kiti kitupu, kisha akavua miwani, na nikaona, kwa mara ya kwanza, kwamba macho yake bila miwani yalikuwa ya mtu aliyechoka, na kwamba na yeye alikuwa ameogopa.

"Kwenu," akasema, kwa Kiswahili, mezani pale, "mgeni akishaondoka, mnakaa mpaka lini ndipo mfagie?"

"Mpaka awe amefika kwake, baba."

Akaangalia sakafu. "Yule anakaa mbali sana," akasema. "Basi uache. Utafagia kesho asubuhi."

Alisimama akaenda chumbani kwake. Mama Mdogo alikuwa kwenye mlango wa jikoni, amesikia yote. Alinitazama, akainua kidole kama mwalimu anayetaka mtoto arudie somo.

"Amesema lini?"

"Kesho asubuhi," nikasema.

"Na basi la kwenu linaondoka saa ngapi?"

"Alfajiri," nikamjibu, na ndipo nikaelewa kwamba lingeondoka bila mimi, nikaketi chini sakafuni, katikati ya makombo.